Kinga za Propela: Kurusha Droni Ndogo Karibu na Watu

Propela ya droni ndogo ya kamera ni kipande cha plastiki chembamba, chepesi kuliko kijiko cha chai. Ikiwa imesimama, mtoto anaweza kuipinda kwa kidole na asidhurike. Ikianza kuzunguka, hesabu hubadilika. Propela yenye kipenyo cha sentimita 24, ukubwa wa zile za droni za Phantom ambazo wapiga picha wengi walianzia nazo, ikizunguka mara 5,500 kwa dakika, ncha yake hukata hewa kwa mita 69 kila sekunde, yaani karibu kilomita 250 kwa saa. Kwa kuwa kila propela ina mbawa mbili, kidole kilichoingia humo hupitiwa na ubawa zaidi ya mara 180 kwa sekunde. Ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajaanza hata kuurudisha mkono, ubawa umeshapita pale mara 18.

Kamusi huiita rafadha, neno lililotoka kwenye vyombo vya majini. Wapiga picha husema propela, na ndilo neno litakalotumika hapa. Droni nyingi za kamera zina propela nne, mbili zikizunguka kuelekea kulia na mbili kushoto. Zile ndogo zenye propela za sentimita 12 hivi si salama kwa sababu tu ya udogo wake: propela fupi hulazimika kuzunguka kwa haraka zaidi ili kubeba uzito, na kasi ya ncha hupungua kidogo sana.

Kuna jambo jingine linalofanya propela ikate badala ya kugonga tu. Ndani ya droni mna kompyuta ndogo ambayo kazi yake ni kuiweka sawa hewani. Propela moja ikigusa kitu na kupungua kasi, upande ule huinama. Kompyuta huona mwinamo huo na kuongeza umeme kwenye mota ileile ili upande uinuke. Kwa hiyo mahali ambapo mtu angetarajia mashine ilegee, mashine huzidi kusukuma. Droni haitofautishi tawi la mgunga na shavu la mtu. Baadhi ya droni mpya huzima mota zikihisi propela imekwama, lakini hisia hiyo huja baada ya pigo la kwanza.

Majeraha ya namna hii yanafahamika vizuri. Mei 2015, katika tamasha mjini Tijuana, Mexico, mwimbaji Enrique Iglesias alinyoosha mkono kuishika droni iliyokuwa ikipiga picha jukwaani, jambo ambalo alikuwa amezoea kulifanya katika maonyesho yake. Vidole vyake vilipata majeraha ya kukatwa, na baadaye akahitaji upasuaji. Mwaka huohuo nchini Uingereza, mtoto wa umri wa mwaka mmoja na nusu alipoteza jicho baada ya droni iliyokuwa ikirushwa na jirani kugusa mti, kugeuka na kumpiga usoni. Aliyekuwa akiirusha alikuwa mzoefu. Katika visa hivi viwili mkosaji si yule anayedhaniwa mara nyingi, kijana mgeni wa rimoti. Cha kwanza kilitokana na mazoea, cha pili na tawi moja.

Kinga ya propela ni kizuizi kinachowekwa kati ya ncha ya propela na mwili wa mtu. Iliyo rahisi kuliko zote ni upinde wa plastiki unaofungwa chini ya mota na kuzunguka upande wa nje wa propela. Upinde huo huzuia droni isikate inapogonga kitu kwa ubavu, kama ukuta, nguzo ya turubai au bega la mtu. Juu na chini yake pako wazi. Kidole kikitoka juu au chini, kinaingia. Aina ya pili ni pete kamili inayoizunguka propela pande zote. Hii nayo huacha juu na chini wazi, ila huongeza ulinzi upande wa ndani, karibu na kiwiliwili cha droni. Ya tatu ni kizimba: nyavu za plastiki juu, chini na pembeni, mfano wa feni ya mezani. Kampuni ya DJI ilipotoa Mavic Mini mwaka 2019 iliuza kando kizimba cha namna hiyo. Aina ya nne imejengwa pamoja na droni yenyewe, propela zikiwa ndani ya vikombe. DJI Neo ya mwaka 2024, yenye uzito wa gramu 135, ni ya kundi hili, na imekusudiwa kuruka kutoka kiganjani.

Mtu anaponunua kinga asiulize tu kama zinaingia kwenye droni yake. Aulize zinazuia kidole kutoka upande gani. Kinga nyingi za bei nafuu ni za upinde, na mnunuzi huondoka akiamini amefunga kizimba.

Historia ya kinga hizi ina tawi lake karibu kabisa na mpaka wa Tarime, wilaya ya Tanzania inayopakana na Kenya. Mwaka 2010 kampuni ya Parrot ya Ufaransa ilianza kuuza AR.Drone, mojawapo ya droni za kwanza za kamera zilizoweza kuongozwa kwa simu ya mkononi. Toleo la pili lilikuja na maganda mawili ya povu gumu. Ganda la ndani ya nyumba lilikuwa na pete nne kuzizunguka propela, na droni ikiwa nalo ilikuwa na gramu 420. Ganda la nje halikuwa na pete, na droni ilibaki gramu 380. Upande wa Kenya, katika eneo la Maasai Mara, Marc Goss wa Mara Elephant Project alikuwa akijaribu droni za aina hiyo mwaka 2013 ili kuwafuatilia tembo, akagundua kwamba tembo hukimbia mlio wake, huenda kwa kuudhania ni wa nyuki. Baadaye mbinu hiyo ilijaribiwa kwenye mipaka ya hifadhi za Tanzania, katika mfumo ikolojia wa Tarangire na Manyara na ule wa Serengeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Oryx, ukiwashirikisha watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), ulieleza majaribio ya kuwaondoa tembo kwenye mashamba kwa droni ndogo zilizorushwa na askari wa wanyamapori. Tembo waliondoka.

Kisa hiki kina faida kwa suala la kinga kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo hazihitajiki. Droni inayofukuza tembo usiku kando ya shamba la mahindi iko mbali na watu wote isipokuwa anayeirusha na wenzake. Humo kinga ni mzigo tu: hupunguza muda wa kukaa hewani na kuifanya droni iyumbe na upepo. Hali ni hiyohiyo kwenye uchoraji wa ramani. Wilaya ya Serengeti, jirani ya Tarime, inaijua kazi ya ramani kwa undani. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, umewakusanya watu wa kujitolea kuchora barabara na nyumba za vijiji vya Tanzania kutokana na picha za setilaiti, na ramani hizo zimewasaidia wanaharakati wa Mugumu, mji wa wilaya hiyo, wakiongozwa na Rhobi Samwelly wa Hope for Girls and Women, kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji katika vijiji ambavyo awali havikuonekana kwenye ramani yoyote. Pale droni inapotumika kuongeza picha za karibu zaidi, hupita juu sana kwa mistari iliyopangwa, na kinga haimpi mtu yeyote aliye chini ulinzi wa maana. Droni za eBee, zenye mabawa kama ya ndege, zilizotumika kuanzia mwaka 2016 kuchora ramani ya Zanzibar, zilimaliza suala hili kwa umbo lenyewe: mwili wa povu wenye uzito wa gramu 700 hivi, na propela moja nyuma. Hatari inayobaki katika kazi hizo iko wakati wa kupaa na kutua, na dawa yake ni uwanja mtupu.

Kinga zina mahali pake halisi katika kazi ya tatu, ambayo ndiyo ya kila wiki: kupiga picha za watu wakiwa katika shughuli zao. Harusi na sendofu, mechi ya mpira, mahafali ya shule, mkutano wa hadhara, ibada ya uwanjani, ngoma, na msimu wa tohara.

Katika sendofu ya mjini Tarime, mambo huwa karibu mno. Turubai limefungwa kwa kamba zilizotandazwa pande zote, viti vya plastiki vimebanana, baluni zimening'inizwa, na droni huinuka kwenye kipenyo cha mita tatu kati ya meza kuu na spika za muziki. Bibi harusi amejifunika shela. Shela, ushungi, ncha ya kitenge, nywele za rasta: vyote ni vyepesi na vyote huvutwa, kwa kuwa propela hufyonza hewa kutoka juu. Kitambaa kikishaingia hujiviringisha kwenye mhimili wa mota, na droni huangukia palepale kitambaa kilipo, yaani juu ya mwenye kitambaa. Pete na upinde havizuii kitambaa kinachoshuka kutoka juu. Kizimba huzuia. Kwa kazi ya ndani ya turubai au ukumbini, basi, kizimba ndicho chaguo pekee linalostahili, na mpiga picha asiye nacho afanye kazi hiyo kwa kamera ya mkononi.

Chini ya turubai au paa la bati kuna tatizo jingine. Droni hutegemea setilaiti ili itulie mahali pamoja. Zikizibwa, hutegemea kamera ndogo ya tumboni inayoangalia sakafu, na kamera hiyo huchanganyikiwa na sakafu inayong'aa, taa za rangi zinazowaka na kuzimika, au giza. Droni iliyotulia kama imetundikwa huanza kuteleza pole pole upande mmoja, bila mtu kugusa rimoti. Kwenye kuteleza huko kinga hufanya kazi yake bora kuliko zote: droni hugusa nguzo au mgongo wa mtu kwa mwendo mdogo, pete inadunda, hakuna aliyeumia. Katika ajali ndogo za aina hii, hata upinde wa plastiki huondoa karibu madhara yote.

Msimu wa tohara miongoni mwa Wakurya, wenyeji wa Tarime na Serengeti, ni tofauti. Vijana waliotahiriwa husindikizwa nyumbani na umati wa ndugu unaojaza barabara, wakiimba, wakipuliza filimbi, wakirukaruka na kuinua fimbo na marungu. Mkono ulionyooka wenye fimbo hufika hadi mita tatu au zaidi kutoka ardhini. Droni inayopita karibu juu ya vichwa iko ndani ya eneo la fimbo, na fimbo ikiigonga, hakuna kinga ya plastiki itakayoihimili. Tena umati hauko palepale. Husonga mbele, hurudi nyuma, hufurika pembeni. Picha nzuri ya msafara huo hupatikana kutoka pembeni, droni ikiwa mita 20 au 30 kando ya barabara na juu kidogo ya usawa wa macho, kamera ikiwavuta watu karibu. Kutoka pale huonekana nyuso, vumbi la miguu na mwendo wa ngoma, vitu ambavyo picha ya kutoka juu ya vichwa haivioneshi kamwe. Usalama na uzuri wa picha hapa vinakwenda pamoja, na wapiga picha wangelijua hili mapema wangeacha kabisa kupita juu ya watu.

Mechi za mpira ziko katikati ya hali hizi mbili. Mpira wenyewe ni hatari, na mpira uliopigwa juu hufika kwa urahisi ilipo droni. Na wilaya za Tarime na Serengeti ni za wafugaji: ng'ombe waliofungiwa au wanaopita njiani hushtuka kwa mlio uleule unaowafukuza tembo. Ng'ombe akikurupuka na kumkanyaga mtoto, jeraha hilo limeletwa na droni hata kama haikumgusa mtu.

Hapo ndipo kikomo cha kinga kinapoonekana. Kinga hubadilisha mkato kuwa mgongano. Haiufuti mgongano. Droni ya gramu 250 ikidondoka kutoka mita 10 hufika chini na nishati ya jouli 24 hivi, sawa na jiwe la kilo mbili na nusu likidondoka kutoka urefu wa mita moja. Droni ya kilo 1.3 ikidondoka kutoka mita 20 hufika na jouli karibu 255, kama hewa haikuipunguza kasi. Hiyo ni nishati ya mfuko wa unga wa kilo 25 na ushei ulioachiwa kutoka urefu wa mita moja. Mwili wa droni una nafuu kidogo, kwa sababu plastiki yake hupinda na kuvunjika, hivyo sehemu ya nishati huishia kwenye droni yenyewe. Vyuo vikuu vya Marekani vilivyoifanyia kazi mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo vililithibitisha hilo katika ripoti ya mwaka 2017: droni ya aina ya Phantom ilidhuru kidogo kuliko kipande cha mti au chuma chenye uzito uleule. Ripoti hiyohiyo iliyatenga majeraha katika makundi matatu, yaani kugongwa, kutobolewa na kukatwa, na ikaeleza kwamba kwa la tatu kinga za propela zinahitajika.

Marekani iliingiza fikra hiyo kwenye sheria. Tangu Aprili 2021, droni ndogo kabisa, zisizozidi takribani gramu 250, zinaruhusiwa kupita juu ya watu kwa masharti, na mojawapo ni kwamba zisiwe na sehemu inayozunguka ikiwa wazi kiasi cha kuweza kuikata ngozi. Masharti hayo yalileta fumbo ambalo wamiliki wa Mavic Mini waliliona mara moja: droni ya gramu 249 ikifungwa kizimba chake huvuka gramu 250 na kuingia kundi lenye masharti mazito zaidi.

Tanzania ina utaratibu wake. Kanuni za mwaka 2018 zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) zinahusu droni zote zinazorushwa nchini, na kibali kinahusisha pia wizara yenye dhamana ya ulinzi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti droni hairushwi bila ruhusa ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Kufunga kinga hakumpi mtu nafuu yoyote katika vibali hivi. Kijijini kuna ngazi nyingine isiyopaswa kurukwa: ofisi ya mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji. Droni iliyoonekana angani bila taarifa huzua hofu, na hofu huwaleta watu mbio kuelekea pale inapotua.

Jambo ambalo vitabu vya watengenezaji hulipitia haraka, na ambalo Tarime na Serengeti haviwezi kulipuuza, ni mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Tarime uko karibu mita 1,500. Kwenye mita 1,500 hewa ina asilimia 86 tu ya uzito wa hewa ya pwani kwa vipimo vya kawaida. Joto likifika nyuzi 27 adhuhuri, hushuka hadi asilimia 80 hivi. Propela hupata nguvu kwa kuisukuma hewa chini. Hewa ikiwa nyepesi, lazima izunguke kwa kasi zaidi ili isukume kiasi kilekile: asilimia 8 zaidi kwa vipimo vya kawaida, 12 zaidi adhuhuri.

Sasa ziongezwe kinga. Gramu 40 kwenye droni ya gramu 380, kama ilivyokuwa kwa AR.Drone, ni ongezeko la zaidi ya asilimia 10 ya uzito. Uzito huo na hewa nyepesi ya adhuhuri vikijumlishwa, propela iliyohitaji mizunguko 5,500 pwani huhitaji karibu 6,460 ili itulie tu hewani. Umeme unaotumika hupanda kwa asilimia 30 hivi. Betri ambayo boksi lake linasema dakika 20 hubaki na dakika 15, na hapo upepo haujahesabiwa.

Upepo nao una neno lake. Pete na nyavu hukamata hewa kama tanga dogo. Mavic Mini imetajwa na mtengenezaji kuwa inahimili upepo wa mita 8 kwa sekunde, lakini kipimo hicho ni cha droni tupu. Alasiri nyingi katika nyanda hizi mawingu ya mvua hujikusanya na upepo huja kwa kishindo dakika chache kabla ya matone ya kwanza. Droni yenye kizimba ikikutwa na upepo huo hupeperushwa upande upepo unakoelekea, mota zikiwa tayari zinafanya kazi karibu na kikomo chake. Ikianza kutua yenyewe kwa sababu betri imekwisha, haichagui pa kutua. Inashuka pale ilipo. Mpiga picha aliyefunga kinga kwa nia njema, kisha akarusha kwa saa iliyoandikwa kwenye boksi, anaweza kuishusha droni katikati ya watu aliotaka kuwalinda.

Kwa sababu hiyo mahesabu ya safari yenye kinga huanzia kwenye betri. Katika mwinuko wa Tarime au Mugumu ni busara kupanga nusu ya muda ulioandikwa, kurudi betri inapofika asilimia 40, na kurusha asubuhi kabla ya saa nne au jioni upepo unapotulia. Hali ya mwendo wa kasi izimwe. Kinga za pembeni zinaweza kuziba vihisio vinavyoonya droni ikikaribia ukuta, kwa hiyo droni yenye kinga irushwe kana kwamba haina macho.

Ufungaji wenyewe ni kazi ya dakika mbili ambayo huharibika kwa haraka. Kinga hukaa kwenye mkono wa droni kwa klipu au skrubu ndogo. Klipu isipoingia sawasawa hulegea kwa mtetemo, na kinga iliyolegea huingia kwenye propela na kuwa yenyewe chanzo cha ajali. Njia ya kuhakiki ni ya zamani na haina mashine: betri ikiwa imetolewa, kila propela izungushwe pole pole kwa kidole mzunguko mzima, sikio likiwa karibu. Mkwaruzo wowote, hata mdogo kama wa ukucha kwenye karatasi, maana yake kinga imepinda au si ya modeli ile. Plastiki iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani hupinda, na kinga zinazosafirishwa kutoka Sirari, mpakani, hadi Mugumu kwenye begi la mgongoni hubanwa na kubadilika umbo. Kisha droni iinuliwe mita moja na nusu, mbali na watu, itulie nusu dakika. Ikitetemeka au mlio wake ukipanda na kushuka, ishushwe.

Mafundi hodari hutengeneza kinga wenyewe. Plastiki ya ndoo iliyokatwa mkanda mwembamba inaweza kufaa ikiwa pete zote nne zina uzito sawa. Waya wa chuma haufai. Chuma karibu na dira ya droni huipotosha, na droni yenye dira mbovu huanza kuzunguka duara inayozidi kupanuka hadi igonge kitu. Kwa sababu hiyohiyo haipaishwi kutoka juu ya zege lenye nondo wala boneti ya gari.

Uwanja wa kupaa karibu na watu uwe na kamba, ya katani au ya nailoni, iliyozungushwa umbali wa mita tano angalau kutoka droni, na msaidizi mmoja ambaye kazi yake ni kutazama watu tu. Watoto wa kijijini hukimbilia droni mara mbili: inapopaa na inapotua, na kutua ndiko kubaya, kwa kuwa propela bado zinazunguka na mtoto wa mbele anasukumwa na walio nyuma. Mahali penye watoto wengi ni bora waitwe kabla, waoneshwe droni ikiwa imezimwa, waiguse, waione picha yao kwenye skrini, kisha waambiwe waziwazi kamba ni ya nini. Dakika kumi hizo hufanya kazi kuliko kufokea watu kwa kipaza sauti. Picha za watoto na wasichana waliohifadhiwa kwenye nyumba salama baada ya kukimbia ukeketaji hazipigwi kabisa.

Droni isidakwe kwa mkono, hata yenye pete. Anayedaka huweka vidole chini ya propela, mahali ambapo upinde na pete havilindi. Ni zile tu zilizojengwa kwa kupaa kiganjani zinazoruhusu hilo. Mrushaji pia awe ameufanyia mazoezi mkao wa kuzima mota kwa dharura, ambao kwenye droni nyingi za DJI ni kuvuta vijiti vyote viwili chini kuelekea ndani, ili mikono iufanye bila kufikiri siku droni itakapokuwa imelala ubavu kwenye nyasi ikiendelea kukata.

Mtu akikatwa, mota zizimwe kwanza, kisha jeraha libanwe kwa kitambaa safi bila kuachia hadi damu ipungue, na mkono uliojeruhiwa uinuliwe. Jicho halibanwi wala kuoshwa kwa maziwa, majani au dawa yoyote ya nyumbani. Lifunikwe kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa utepe, na mgonjwa apelekwe hospitali, Tarime au Mugumu, ambako huenda akaelekezwa Bugando jijini Mwanza, saa kadhaa za barabara. Propela iliyomkata iende pamoja naye hata kama imevunjika. Kipande kinachokosekana kinaweza kuwa ndani ya jeraha, na plastiki mara nyingi haionekani kwenye eksirei.